Rangi pekee haitoshi kuwatambua yangeyange wa Wingwi

NDEGE weupe wenye miguu mirefu wanaoonekana katika mabonde ya mpunga na pwani ya Wingwi, Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba, huitwa na wengi kwa jina moja tu, yangeyange.

Hata hivyo, jina hilo hukusanya ndege wa aina mbalimbali, na anayetegemea rangi peke yake kuwatofautisha hukosea kwa urahisi. Kosa hilo lina uzito, kwa kuwa miongoni mwa ndege wa jamaa hii wanaofika Afrika Mashariki yumo mmoja aliye hatarini kutoweka duniani.

Anayezoeleka zaidi ni yangeyange anayefuatana na ng'ombe (Bubulcus ibis), mwenye urefu wa sentimita 50 hivi. Shingo yake ni fupi na mdomo wake ni mfupi, wa manjano. Hula panzi na wadudu wengine wanaoibuliwa na kwato za mifugo au jembe la mkulima, hivyo huonekana zaidi nchi kavu kuliko majini.

Yangeyange mkubwa (Ardea alba) naye huwa na mdomo wa manjano nje ya majira ya kuzaa, lakini urefu wake hukaribia mita moja na shingo yake hujikunja kama herufi S.

Katika pwani ya Pemba, maji yanapokupwa, hali hubadilika. Huko yupo yangeyange wa pwani (Egretta dimorpha), mwenye mdomo mwembamba mweusi, miguu myeusi na vidole vya manjano. Baadhi yao ni weupe kabisa, na wengine ni wa kijivu kilichokoza karibu na weusi, wenye koo jeupe.

Weupe na weusi hao ni aina moja na huzaliana pamoja. Anayehesabu kwa rangi atawaandika kuwa aina mbili.

Aidha, yule mweupe hufanana mno na yangeyange mdogo (Egretta garzetta), kiasi kwamba baadhi ya wataalamu huwachukulia kuwa spishi moja. Nje ya majira ya kuzaa, dalili ya kutazama ni ngozi iliyo kati ya jicho na mdomo: kwa kawaida huwa ya manjano kwa yule wa pwani, na ya kijivu kwa yule mdogo. Mahali nako husaidia, kwani wa pwani hushikamana na maji ya chumvi, wakati mdogo huonekana pia kwenye maji baridi.

Utata mkubwa zaidi ni wa kulastara wa Madagaska (Ardeola idae), aliyeorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka. Huzaa Madagaska na visiwa vichache vya jirani, kisha wengi huvuka bahari na kukaa Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, takriban kuanzia Mei hadi Oktoba.

Akiwa kwao wakati wa kuzaa huwa mweupe, mwenye mdomo wa buluu uliochovywa weusi nchani. Akiwa huku huwa na mgongo wa hudhurungi, lakini akiruka mabawa yake huwa meupe, na mtazamaji humdhania yangeyange.

Hata akitua, hufanana na kulastara wa kawaida (Ardeola ralloides). Wa Madagaska ana mgongo uliokoza zaidi, michirizi mipana kifuani na mdomo mnene zaidi.

Kupungua kwake kunahusishwa na kuokotwa kwa mayai na makinda, pamoja na kugeuzwa kwa maeneo oevu ya Madagaska kuwa mashamba. Mwaka 2008 ulitolewa mpango wa kimataifa wa kumhifadhi.

Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, iliyoanza mwaka 1967, hufanyika Januari, wakati ambao wengi wa ndege hao wako Madagaska. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu za Juni hadi Septemba kutoka mabonde ya mpunga na mabwawa zina thamani kubwa, ilimradi aliyeziandika hakumchanganya na jamaa zake.

Kwa anayetaka kuanza, inafaa kutazama kwa mbali bila kumfukuza ndege, na kuandika mambo manne kabla ya kutaja jina: rangi na unene wa mdomo, rangi ya miguu na vidole, mahali alipokuwa, na mwezi. Rangi ya manyoya ifuate baadaye.