Mistari Iliyokuza Vitabu vya Kwaya

Zamani, katika nyumba za watawa za Ulaya, nyimbo za Misa zilihifadhiwa kichwani. Mtoto aliyelelewa utawani alimfuatisha mwalimu wake mwaka baada ya mwaka mpaka zikamkaa. Katika karne ya 10, watawa wa abasia ya Sankt Gallen, katika Uswisi ya leo, waliandika kitabu chembamba chenye alama ndogo juu ya maneno. Alama hizo zilionyesha sauti inapopanda na inaposhuka, ila si kwa kiasi gani. Kitabu hicho kilimfaa tu anayeujua wimbo tayari.

Karibu na mwaka 1030, mtawa Guido wa Arezzo, Italia, alipanga alama hizo kwenye mistari na katika nafasi zake. Mstari mmoja aliutia rangi nyekundu, mwingine njano, ili jicho lisipotee. Alidai kuwa mafunzo ya miaka 10 sasa yangekwisha kwa mwaka mmoja au miwili. Papa Yohane XIX alimwita Roma, akajaribu mwenyewe, akaweza kuimba kipande ambacho hakuwahi kukisikia.

Kwa kuwa kwaya nzima sasa iliweza kusoma ukurasa mmoja, kurasa zilizidi kupanuliwa. Kufikia karne ya 14, katika nyumba kama Santa Maria degli Angeli ya Firenze, kitabu cha kwaya kilikuwa mzigo mzito uliowekwa juu ya meza ya mwinamo mbele ya waimbaji. Ngozi za kurasa zake zililowekwa kwenye maji ya chokaa, zikawambwa na kukwanguliwa. Mwandishi alitumia kalamu ya unyoya; mchoraji, kama Lorenzo Monaco, alibandika dhahabu kwenye herufi ya kwanza na kuisugua mpaka ing'ae. Picha ndani ya herufi ilimwonyesha kiongozi wa kwaya sikukuu aliyoifikia.

Dhahabu hiyo ndiyo iliyoviponza vitabu vya namna hii. Wanajeshi wa Ufaransa walipoikalia Roma mwaka 1798, vitabu vya kanisa la Papa la Sistina viliporwa. Picha zilikatwa, na mwaka 1825 mfanyabiashara Luigi Celotti aliziuza kwa mnada London. Wanunuzi walitaka mchoro, si muziki. Hata hivyo, nyuma ya vipande vingi vya namna hiyo zimebaki noti na maneno machache, na kwa hizo watafiti hutambua wimbo, sikukuu, na mara nyingine kitabu chenyewe kilikotoka kipande.