Holašovice: Tarehe ya Kijiji cha Bohemia Kusini

Holašovice ni kijiji cha wakulima katika mkoa wa Bohemia Kusini, nchini Cheki, yapata kilomita 15 magharibi ya mji wa České Budějovice. Wakazi wake ni kama 140 tu, na kiutawala kimo ndani ya eneo la Jankov. Kimekaa katika nchi tambarare yenye mabwawa mengi ya samaki na ardhi yenye unyevu. Upande wa kusini tambarare hiyo inakomea kwenye vilima vya Blanský les, ambavyo kilele chake, Kleť, kina kimo cha mita 1,084.

Ramani ya kijiji ni nyepesi kuielewa. Katikati pana uwanja mrefu wa nyasi, urefu wa mita 210 hivi na upana wa mita 70, nao una bwawa, kanisa dogo na karakana ya mhunzi. Kuuzunguka uwanja huo zimejipanga kaya 23 za wakulima. Kila kaya imejengwa kwa mtindo mmoja: nyumba ya kuishi upande mmoja, ghala la nafaka au nyumba ya wazee waliokwisha kumrithisha mwana wao shamba upande wa pili, na ukuta wenye lango kubwa ukiziunganisha. Ndani mna ua na mabanda ya mifugo. Nyuma yake pana banda la mavuno na bustani ya miti ya matunda, kisha mashamba. Mgawanyo huu wa viwanja ni ule ule uliopimwa katika Zama za Kati.

Kijiji kilianzishwa katika karne ya 13, wakati misitu ya kusini mwa Bohemia ilipokuwa ikifyekwa ili watu wapate pa kulima. Jina lake linaonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi ya mwaka 1263. Mwaka 1292 Mfalme Václav II alikitoa, pamoja na vijiji vingine, kwa monasteri ya watawa Wasitoo ya Vyšší Brod. Tangu hapo wakulima walilipa kodi na kufanya kazi za shuruti kwa mabwana hao, hali iliyodumu kwa zaidi ya miaka 550, hadi utwana ulipofutwa katika himaya ya Austria mwaka 1848.

Pigo kubwa kuliko yote lilikuja kati ya 1520 na 1525, tauni ilipoingia kijijini. Walionusurika walikuwa watu wawili tu, na nguzo ya ukumbusho iliwekwa mahali walipozikwa waliokufa. Monasteri haikutaka ardhi yake ilale bila mkulima, kwa hiyo ilileta walowezi kutoka Bavaria na Austria. Kufikia 1530 daftari la kodi lilikuwa na majina ya watu 17. Wageni hao hawakupima upya viwanja. Waliingia katika maganjo yaliyoachwa na marehemu na kuanza kulima. Hivyo kijiji cha Wacheki kikageuka kuwa kijiji cha wasema Kijerumani, na kikabaki hivyo kwa karne nyingi. Mwaka 1895 walihesabiwa Wajerumani 157 na Wacheki 19.

Kanisa dogo la uwanjani lilijengwa mwaka 1755 kwa heshima ya Mtakatifu Yohane wa Nepomuk, padri aliyetoswa katika mto Vltava mjini Praha mwaka 1393, ambaye Wakatoliki wa Bohemia humwomba awakinge na mafuriko.

Sura inayokipa kijiji sifa yake leo ni kazi ya karne ya 19. Hapo kale nyumba nyingi za vijijini zilikuwa za magogo, na moto ulikuwa adui wa kila siku. Polepole matofali yakachukua nafasi ya mbao. Baada ya 1848 mkulima akawa mwenye ardhi yake, na fedha iliyokuwa ikienda monasterini sasa ikabaki mfukoni mwake. Mafundi waashi wa vijijini wakazipa nyumba kuta za mbele ndefu zenye vilele vya mviringo, mapambo ya plasta, rangi nyangavu na mwaka wa ujenzi. Waliiga umbo la makanisa na majumba ya watukufu ya karne zilizotangulia, wakalipunguza likatoshea nyumba ya mkulima. Mtindo huo unajulikana kama baroko ya vijijini ya Bohemia Kusini.

Vita Kuu ya Pili vilikitikisa tena kijiji. Baada ya 1945 wasema Kijerumani walifukuzwa nchini, na kaya nyingi zikabaki tupu. Baada ya 1948 serikali ya kikomunisti iliyaingiza mashamba ya nchi katika ushirika, na vijiji vingi vikapata majengo mapya yaliyovunja mpangilio wa zamani. Holašovice ilipuuzwa, na kupuuzwa huko kukaiokoa: hakuna aliyeona faida ya kubomoa wala kujenga.

Kuanzia 1990 watu walianza kurudi kuishi katika nyumba hizo na kuzikarabati. Mwaka 1995 serikali ilikitangaza kijiji kuwa eneo la hifadhi, na mwaka 1998 UNESCO ikakiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wenyeji wa Holašovice walibadilika mara mbili, kwanza kwa tauni na kisha kwa vita, lakini kila waliofika waliishi ndani ya mipaka ile ile ya viwanja. Thamani ya kijiji hiki imo katika mpangilio huo wa ardhi, kwa kuwa bila huo kuta nzuri za mbele zingekuwa mapambo tu.