Mstari Mmoja Katika Cheti

Mwanafunzi akimaliza kidato cha nne katika shule iliyo karibu na Tuwan, mjini Kitale, au katika shule ya Bungoma, hupewa cheti cha kuondoka shuleni. Katika cheti hicho mna mstari ambamo mkuu wa shule huandika maneno machache juu ya mwenendo wake. Vijana wengi huupita mstari huo upesi, kwa kuwa macho yao yatafuta alama za mtihani. Lakini asomaye maombi ya chuo huusoma polepole. Ewe msomaji, ili upate kuujua uzito wake, rudi pamoja nami mpaka mwaka 1952.

Wakati ule, katika Afrika Mashariki ya Waingereza palikuwa na chuo kikuu kimoja tu, nacho ni Makerere, kilimani Kampala. Tangu mwaka 1949 kilifungamana na Chuo Kikuu cha London. Chuo cha Ufundi cha Nairobi kilikuwa bado hakijapokea wanafunzi; kilianza kuwapokea mwaka 1956. Basi kijana wa Bungoma aliyetamani shahada alikuwa na njia mbili: kukipanda kilima cha Makerere, au kwenda mbali. Masinde Muliro, mzaliwa wa Kimilili, alikwenda mpaka Cape Town, Afrika ya Kusini.

Mwaka huo wa 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya chakula. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo Abu Mayanja wa Uganda na Josephat Karanja wa Kenya. Fikiri maana ya adhabu hiyo. Leo afukuzwaye chuo kimoja aweza kubisha mlango wa kingine. Wao hawakuwa na mlango wa pili karibu na kwao.

Mayanja alisaidiwa na Gavana wa Uganda, Andrew Cohen, akapata nafasi katika King's College, Cambridge. Baadaye akawa mwanasheria na waziri. Lakini mlango wake ulifunguliwa na mkono wa mkubwa, na si kila afukuzwaye hupata gavana wa kumsemea.

Njia ya Karanja ilikuwa ndefu zaidi, nayo ina mafunzo mengi kwetu. Alivuka bahari akasoma Chuo Kikuu cha Delhi, India. Kisha akaenda Marekani, akasoma Atlanta, na mwisho akapata shahada ya udaktari wa historia katika Chuo Kikuu cha Princeton. Kufukuzwa kwake hakukufutika. Lakini alipofika Princeton, baina yake na Makerere palikuwa na miaka ya kazi na vyeti vipya vya kumshuhudia. Mwaka 1970 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika miaka iliyofuata wanafunzi wa chuo hicho nao waligoma, na chuo kikafungwa zaidi ya mara moja. Aliyefukuzwa kwa mgomo sasa ndiye aliyekalia kiti cha hukumu.

Usidhani kwamba nakusifia mgomo. Nataka utambue kwamba makosa hayalingani. Kosa la vijana wa 1952 lilikuwa la utii. Halikugusa ukweli wa alama zao. Udanganyifu katika mtihani huigusa alama yenyewe. Nchini Kenya, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa baada ya mitihani ya kitaifa ya 2015. Mwaka uliofuata usimamizi ulikazwa, na waliopata alama ya A katika kidato cha nne wakapungua kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Tazama dhuluma iliyomo: hata yule aliyeipata A yake kwa jasho mwaka 2015 aliachwa na cheti kinachotiliwa shaka.

Siku hizi aombaye shahada ya pili hutakiwa kuleta orodha ya alama zake na barua za walimu wamjuao. Shule nyingi za sheria za Marekani humwuliza waziwazi kama amewahi kuadhibiwa chuoni. Hapo wengi huingiwa na hofu wakaficha. Kuficha ni kosa la pili, na aghalabu ni zito kuliko la kwanza, maana laweza kumnyang'anya mtu nafasi yake hata akiisha kuingia darasani. Afadhali aeleze kwa ufupi alilolitenda, asimsingizie mwingine, kisha aonyeshe alivyoishi tangu siku ile.

Wazee husema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, lakini Karanja hakukaa akiyalilia yaliyomwagika, aliuchukua mtungi akaenda mto wa mbali. Nawe, msomaji, ambaye mtungi wako bado umejaa, ushike vema.