Yatima Mwenye Kipaji katika Ngano za Uzaramo na Pwani

Kongowe ya Kibaha iko kandokando ya barabara ya Morogoro, katika nchi ya Wazaramo inayoendelea kusini hadi Kisarawe. Kama kwingineko pwani, watoto wa huku walilelewa kwa ngano. Usiku, baada ya chakula, bibi husema "Paukwa!", watoto huitikia "Pakawa!", ndipo hadithi huanza. Katika ngano hizo yatima ana nafasi kubwa: mtoto asiye na mtetezi ndiye anayeishia kupata uwezo ambao wakubwa wake hawana.

Nafasi hiyo ina mizizi katika maisha yenyewe. Wazaramo huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hivyo mtoto aliyefiwa na baba hubaki na wajomba na bibi zake. Akifiwa na mama pia, ukoo bado ni wake. Uislamu ulipoenea kutoka pwani kuelekea bara katika karne ya 19, ulikazia heshima ya mtoto huyo. Mtume Muhammad mwenyewe alizaliwa baba yake amekwisha kufariki, akafiwa na mama akiwa na umri wa miaka sita, na habari hizo husomwa katika maulidi. Kula mali ya yatima ni dhambi inayokemewa wazi katika Kurani. Kwa hiyo msikilizaji wa ngano alijua mapema kwamba anayemdhulumu yatima hatapona.

Mfano ulio kamili zaidi ni kisa cha Hasibu Karimu Dini. Edward Steere, mmisionari wa shirika la Kianglikana la UMCA, alikiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kukichapisha mjini London mwaka 1870, katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili. Asili yake ni kisa cha malkia wa nyoka katika Alfu Lela Ulela, lakini pwani nyoka huyo amekuwa mfalme.

Hasibu ni mtoto wa tabibu aliyekufa na kumwacha mchanga. Anapelekwa kujifunza kazi, moja baada ya nyingine, wala hazimwingii. Mwishowe mama anamnunulia punda, afuatane na wakata kuni. Msituni anagundua shimo lililojaa asali. Wenzake wanauza asali, wanamwacha shimoni alikoshuka kuichota, kisha wanamwambia mama kwamba mwanawe ameliwa na mnyama. Hasibu anamwona nge akianguka, anatafuta alikotokea, anapenya hadi kwa mfalme wa nyoka, naye anamkaribisha kwa wema. Baadaye, Hasibu akiwa amerudi mjini, waziri wa sultani anamlazimisha amfichue mwenyeji wake, ili nyama ya nyoka imponye sultani aliye mgonjwa. Nyoka, akijua atakufa, anamfundisha Hasibu: nyama ikichemshwa, povu la kwanza ni la waziri, la pili alinywe mwenyewe, la tatu apewe sultani. Waziri anakufa, sultani anapona, na Hasibu anakuwa tabibu mkuu kama baba yake.

Kisa hiki kinaonyesha jinsi ngano za pwani zinavyouelewa uwezo wa ajabu. Hasibu hakuzaliwa nao. Anaupata kwa kupitia dhuluma, kwa jicho la kuchunguza, na kwa kusikiliza agizo la aliyemtendea wema. Tena uwezo wenyewe ni elimu: kipaji kilichokatika alipofariki baba kinamrudia mwana.

Katika karne ya 20 ngano zilipata makao mapya. Kituo cha Elimu Kibaha, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa Tanzania mwaka 1970, kilileta shule na elimu ya watu wazima karibu na Kongowe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili kilitumika kufundishia shule zote za msingi za umma, na ngano zikaingia katika vitabu vya kusoma. Redio Tanzania ilizifikisha nyumbani kwa kipindi cha "Mama na Mwana", kilichompa umaarufu msimulizi Debora Mwenda. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, uliowawezesha waandishi na wachapishaji kutoa hadithi mpya za Kiswahili.