Kitanzi

Saiba za Mariakani, kama kwingine Kenya, huwajazia watu fomu za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: jina, namba ya kitambulisho, simu. Programu fupi yaweza kuifanya kazi hiyo kwa amri moja inayorudiwa, mtu baada ya mtu, mpaka orodha ya majina iishe. Marudio hayo wengi huyaita mzunguko. Mimi natetea kitanzi, kwa kuwa mzunguko tayari umebeba damu, fedha na umeme. Mwanafunzi wa kompyuta anastahili neno lisilomchanganya.

Wapo watakaosema kitanzi kinanuka kifo. Hofu hiyo naielewa, lakini fundi cherehani hushona kitanzi cha kifungo bila mtu kushtuka. Kinachotajwa ni umbo: uzi unarudi ulikoanzia, na amri vilevile.