Mbegu za Maboga na Tezi Dume: Dawa ya Jadi, Lakini Jadi ya Nani?

Wauzaji wa mbegu za maboga hupenda kusema kwamba ni dawa ya tezi dume tangu enzi za mababu. Mababu wa nani? Boga hili ni la Amerika. Mbegu zilizochimbuliwa katika pango la Guilá Naquitz, Oaxaca, nchini Mexico, zina umri wa karibu miaka 10,000. Tena kwa muda mrefu mbegu hizo zilisifika zaidi kwa kutoa minyoo. Kitabu rasmi cha dawa cha Marekani kiliziorodhesha kuanzia 1863 hadi 1936, na mgonjwa aliyepewa alikuwa na tegu, si shida ya mkojo.

Sifa ya tezi dume ilikomaa Ulaya ya kati na mashariki, na hapo hatuwezi kuliruka jimbo la Steiermark, kusini mwa Austria. Wakulima wa huko walikuwa wakikamua mafuta ya mbegu za maboga muda mrefu, kazi ya kuchosha kwa sababu ganda lilipaswa kubanduliwa kwanza. Mwishoni mwa karne ya 19 likazuka boga ambalo mbegu zake hazikuwa na ganda gumu, ila ngozi nyembamba juu ya kiini cha kijani. Hakuna aliyelitafuta, wakulima waliliona, wakatunza mbegu. Mwaka 1934 Erich von Tschermak, mmoja wa wataalamu waliofufua kanuni za urithi za Mendel mwaka 1900, aliandika kulihusu.

Kinuni, mbegu husagwa, hukandwa kwa maji na chumvi mpaka zishikane kama donge, kisha hukaangwa taratibu huku zikikorogwa, ndipo hukamuliwa. Mafuta yake yakitandazwa kwenye sahani nyeupe ni ya kijani. Yakiwa mengi chupani huonekana mekundu ya kuiva. Lita moja hula kilo mbili na nusu hivi za mbegu. Kwa maoni yangu, palipo na mbegu laini kiasi hicho, mzee anayeamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo hashindwi kutafuna konzi moja.

Miaka ya 1980, Kommission E, jopo la Ujerumani lililochunguza dawa za mitishamba, liliidhinisha gramu 10 za mbegu kwa siku kwa hatua za mwanzo za kuvimba kwa tezi dume. Lilitamka wazi kwamba zinapunguza adha tu, uvimbe wenyewe haupungui.

Baadaye sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2004 ikaweka kipimo cha jadi: miaka 30 ya matumizi, 15 kati yake ndani ya Umoja huo. Kwa mizani hiyo mbegu za maboga zimepita. Kwa mizani ya maabara mambo ni magumu zaidi. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2015 uliwafuatilia wanaume 1,431 kwa mwaka mzima. Vidonge vya mchujo wa mbegu havikuvishinda vidonge bandia. Waliokula mbegu zenyewe, gramu 5 mara mbili kwa siku, walielekea kupata nafuu kiasi. Shirika la dawa la Ulaya nalo linazikubali kama dawa ya jadi, kwa sharti kwamba daktari awe amekwisha kumpima mgonjwa na kuhakikisha hana ugonjwa mkubwa zaidi, saratani ikiwemo.