Mstari wa Tano: Asili, Rangi na Pasipoti ya Kirusi

Mwaka 1795 Johann Friedrich Blumenbach, tabibu na mwanazuoni wa Göttingen nchini Ujerumani, alitoa toleo la tatu la kitabu chake juu ya aina za binadamu, na humo akawapa watu weupe jina la Wakaukazi. Fuvu alilolisifu kuliko yote aliyokuwa nayo lilikuwa la mwanamke wa Georgia. Alilipokea kutoka kwa Georg von Asch, tabibu aliyeitumikia dola ya Urusi. Jina hilo la Wakaukazi lilivuka bahari, likaingia katika fomu na ripoti za polisi za Marekani, na Mrusi anayehamia New York huhesabiwa humo bila mjadala. Kwao Moscow mambo ni mengine kabisa. Mchecheni au Mwazeri anayeuza matunda sokoni, ambaye kwao ni katika eneo la milima ya Kaukazi lililozaa jina hilo, mtaani huitwa mweusi. Polisi wa miaka ya 1990 walimwandika kuwa ni mtu wa taifa la Kaukazi, taifa ambalo halijawahi kuwapo duniani.

Dola ya Kirusi imewahesabu watu wake kwa asili zao, si kwa rangi ya ngozi, na wasomi wake wengi walijivunia jambo hilo mbele ya Wamarekani na Wajerumani. Walikuwa na haki ya kujivunia kwa kiasi fulani. Lakini asili ikishaandikwa na serikali, mtoto akairithi bila kuulizwa, inaweza kumfunga mtu sawasawa na rangi.

Enzi za wafalme kilichotenganisha watu zaidi kilikuwa dini. Sensa ya 1897, ya kwanza na ya mwisho ya dola nzima, iliwauliza watu wapatao milioni 125 dini yao na lugha yao ya mama. Swali la taifa halikuwamo. Waukraine na Wabelarusi walihesabiwa kuwa matawi ya Warusi, watake wasitake. Myahudi aliyebatizwa aliepukana na vikwazo vingi vya kisheria vilivyowabana ndugu zake. Abram Gannibal, mtoto wa Kiafrika aliyeletwa kama mtumwa katika jumba la Peter Mkuu, alibatizwa mwaka 1705, akapelekwa kusoma Ufaransa, akafa mwaka 1781 akiwa jenerali mwenye mashamba. Kitukuu chake ni Alexander Pushkin, mshairi ambaye Warusi humweka juu ya washairi wao wote.

Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa dola baada ya wafalme, ndio waliolifanya taifa kuwa suala la karatasi. Walitaka kila jamii ipate lugha yake, shule zake na eneo lake, wakiamini kwamba jamii zilizodhulumiwa na wafalme zikiheshimiwa zitaukubali ujamaa kwa hiari. Wanaethnografia walisambaa hadi Siberia na Asia ya Kati kuandaa sensa ya 1926, na orodha waliyoitoa ilikuwa na majina zaidi ya 150. Katika sensa hiyo mtu alijitaja mwenyewe. Wako waliojitaja kwa kijiji, kwa ukoo au kwa dini, na maofisa wakawatafutia nafasi katika orodha.

Uhuru huo haukudumu. Desemba 1932 ilitolewa amri ya pasipoti za ndani, vitambulisho vya kudhibiti nani aishi mjini na nani abaki shamba. Wazee wa Kenya waliobeba kipande cha mkoloni shingoni wangeitambua nia yake. Humo liliandikwa taifa la mwenye pasipoti. Mwanzoni mtu alijisemea. Mwaka 1938 polisi wa siri waliagiza kwamba taifa lifuate la wazazi, kwa ushahidi wa hati zao. Mtoto wa wazazi wa mataifa mawili alichagua moja alipofika miaka 16, na la tatu halikuwapo. Myahudi wa Leningrad aliyezaliwa akisema Kirusi, asiyejua sala hata moja ya mababu, alibaki Myahudi kwenye karatasi. Katika fomu za ajira taifa lilikaa mstari wa tano, na mstari huo ukawa na sifa mbaya: baada ya Vita vya Pili vya Dunia uliwafungia wengi milango ya vyuo na vyeo.

Ubaya wake mkubwa ulionekana katika uhamisho. Mwaka 1937 Wakorea wapatao 172,000 walipakiwa kwenye treni kutoka Mashariki ya Mbali kwenda Kazakhstan na Uzbekistan. Februari 1944 ilikuwa zamu ya Wachecheni na Waingushi, karibu nusu milioni. Mei mwaka huohuo, Watatari wa Krimea. Mwanachama wa chama, askari mwenye nishani, mama mwenye mtoto mchanga, wote waliondolewa kwa sababu ya neno moja katika hati. Na haya ya 1944 yalitendwa na dola iliyokuwa vitani na Hitler, ikiyapinga hadharani mafundisho yake ya damu.

Wakati huohuo dola hiyo iliwaambia Waafrika kwamba ubaguzi wa rangi haupo kwake. Robert Robinson, fundi mzaliwa wa Jamaica kutoka kiwanda cha Ford, alifika Stalingrad mwaka 1930. Wamarekani wawili weupe walipompiga, walishtakiwa na kufukuzwa nchini, na Robinson akawa shujaa wa magazeti. Kisha alikaa huko zaidi ya miongo minne, kwa miaka mingi akitafuta njia ya kutoka, hadi mwaka 1974 alipofanikiwa kwenda Uganda. Kitabu alichokitoa mwaka 1988 kinaeleza dharau aliyoiona kazini, dharau ambayo hakuweza kuilalamikia kwa kuwa rasmi haikuwapo. Desemba 1963 wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu baada ya mwenzao wa Ghana kukutwa amekufa nje kidogo ya Moscow. Mabango yao yaliufananisha mji huo na Alabama.

Yelena Khanga, mwandishi na mtangazaji maarufu, alizaliwa Moscow mwaka 1962. Babu yake, Oliver Golden, alikuwa Mmarekani mweusi aliyekwenda Uzbekistan mwaka 1931 kuendeleza kilimo cha pamba. Bibi yake, Bertha Bialek, alikuwa Myahudi mzaliwa wa Poland. Baba yake ni Abdulla Kassim Hanga, Waziri Mkuu wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Lugha yake ya kwanza ni Kirusi. Pasipoti iliyodai neno moja isingeweza kumweleza mtu kama huyo, na wapita njia walimwona kwa rangi ambayo pasipoti haikuitaja.

Mwaka 1997 taifa liliondolewa katika pasipoti mpya. Mtu angedhani mataifa madogo yangeshangilia, lakini Tatarstan ilipinga kwa nguvu: kwa Watatari mstari ule ulikuwa pia uthibitisho kwamba wao si Warusi. Naielewa hofu yao, maana raia wote sasa waliitwa kwa jina moja la nchi, na mwaka 2020 katiba ikarekebishwa ikakitaja Kirusi kuwa lugha ya taifa lililounda dola. Katika matangazo ya nyumba za kupanga Moscow wenye nyumba wameendelea kuandika kwamba wanataka Waslavi tu. Sensa ya 2021 ilihesabu Warusi milioni 105.6, huku watu milioni 16.6 wakikosa taifa katika kumbukumbu zao: baadhi yao walihesabiwa kwa rejista za serikali bila kuulizwa lolote, na wengine waliulizwa wakakataa kujibu, haki ambayo ibara ya 26 ya katiba ya 1993 inawapa.